Daftari la guka lina ukurasa mmoja wa aibu, tuucheze jukwaani ama tuuruke?

chaki_na_vumbi

Habari zenu wakuu, samahani hii ni ndefu kidogo lakini nisipoeleza yote hamtanielewa.

Niko huku upande wa Nakuru, tuko na kikundi cha maigizo, watu tisa, hakuna hata mmoja aliyesomea sanaa, kuna fundi simu, kuna wawili wa mitumba, mimi nafundisha shule ya msingi. Tunacheza kwa kumbi za mtaa na viwanja vya shule, mambo ya ardhi, hatimiliki, watu kutolewa mahali wamekaa miaka, hayo ndio yanatuuma huku. Mwaka huu tulitaka hadithi ya kweli badala ya kutunga, nikakumbuka daftari la guka, babu yangu.

Guka alikuwa skwota kwa shamba la mzungu, akakamatwa 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, akazungushwa kambi za kizuizini, akarudi 1959. Aliaga 2009. Daftari lenyewe ni kitabu cha hesabu za maziwa, aliwahi kuwa karani wa ushirika miaka ya 70, kina safu zilizochapwa za lita na shilingi na senti na yeye ameandika juu ya hizo safu kwa wino, kwa Kiswahili, anasema hapo mwanzo kwamba Kiswahili alikijulia kambini na mambo ya kambini hayamjii kwa lugha ingine. Kurasa 61. Ameandika mpaka vitu vidogo, uji ulikuwa na wadudu wa aina gani, askari yupi alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, vile watu wa kibanda kimoja walikuwa na kipande cha kioo kama nusu ya kiganja na kila mtu anapewa zamu ya kujiangalia Jumapili. Nikisoma hizo mazoezini watu wananyamaza kabisa.

Shida ni ukurasa wa 43. Hapo ndio anaeleza vile aliungama. Kwa wale hawajui, zile kambi zilikuwa na ngazi, ukikataa kuungama kwamba ulikula kiapo cha Mau Mau unabaki ama unapelekwa pabaya zaidi, ukikubali unasogezwa pole pole kuelekea nyumbani. Guka alikataa miezi mingi halafu akakubali, na alipokubali hakusema yake tu, alitaja rafiki yake ambaye alikuwa bado hajashikwa. Jina liko hapo kamili. Na familia ya huyo rafiki tunaishi nao mpaka leo, mageti mawili kutoka kwetu, tunasaga mahindi kwa poshomili moja.

Mwongozaji wetu anasema turuke. Anasema mchezo ni wa kuamsha watu wadai ardhi, sasa tukileta shujaa anayeuza mwenzake tumewapa adui fimbo ya kutuchapia. Nusu ya kikundi wako upande wake. Mimi sijui, nikiuruka naona nadanganya, nikiuweka naona namvua guka nguo sokoni. Na hata kiufundi sijui, mtu ameandika mimi mimi mimi kurasa 61, unafanyaje iwe mchezo wa watu tisa? Tumejaribu mmoja anasoma wengine wanaigiza nyuma yake, imekaa kama wasifu wa marehemu kwa mazishi.

Wenye uzoefu nisaidieni.

Pwagu_wa_Kwanza

Ruka ndugu. Ukienda kudai shamba huendi na barua ya makosa ya babu yako. Wakoloni waligonganisha watu wetu makusudi sasa nyinyi mnataka kuwamalizia kazi bure.

MamaPazia

Mwalimu habari za kazi. Mimi niko Dar, nimehangaika na majukwaa tangu nikiwa msichana pale Bagamoyo na sasa nina wajukuu, kwa hiyo nivumilie nikiongea kama nafundisha.

Pwagu nakuheshimu ila hapo umekosea. Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile, ule mchezo wa vita vya Maji Maji, mwaka 1969, nchi ilikuwa changa na kila mtu anatafuta shujaa wa kubandika ukutani. Angeweza kutupa sanamu na tungepiga makofi. Akatupa mtu anayelitilia shaka neno lake mwenyewe, na mwisho Wajerumani wanamtaka aseme maji yale yalikuwa uongo anakataa, si kwa kuwa anaamini yanazuia risasi, bali anajua akilisema hilo watoto wa kesho wataambiwa wazee wao walipigania upuuzi. Siasa yote ya mchezo imekaa hapo, kwenye mtu aliyebanwa. Mtu asiye na shaka hana kazi jukwaani, mpelekeni kwenye noti.

Na nyie Wakenya mna mfano mlangoni. Kamiriithu, pale Limuru, 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta skripti, ikasomwa mbele ya watu, mazoezi yakawa hadharani, wafanyakazi wa viwandani na mashambani wakawa wanakatiza, aa mzee wa kwetu haongei hivyo, aa mshahara wangu sio huo. Alikuwepo mtu aliyewahi kutengeneza bunduki za Mau Mau, akatengeneza na za mchezo. Unaona, maisha ya yule bwana yameingia kwenye mchezo kwa mikono yake, hakusimama kutoa hotuba. Wakacheza kuanzia Oktoba, katikati ya Novemba kibali kikafutwa, Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa na kuwekwa kizuizini. Wakubwa hawakuogopa kaulimbiu, kaulimbiu wanazo wenyewe za kumwaga, waliogopa watu wanaotaja mshahara wao kwa senti.

Kwa hiyo acheni kuanza na kusoma. Anzeni na kile kioo. Watu tisa, kioo kimoja, Jumapili, kila mtu zamu yake, pasiwe na neno hata moja dakika tatu nzima. Kila mwigizaji atafute mwenyewe anaona nini mle. Ukimaliza hapo tayari una watu tisa wa kambini na guka ni mmoja wao, hilo la mimi mimi limeanza kulegea lenyewe bila wewe kulilazimisha.

Halafu nina swali moja. Huo ukurasa wa 43, guka ameandika NILI au ameandika ALI? Usinijibu kwa kichwa, nenda kafungue.

chaki_na_vumbi

Mama nimefungua sasa hivi na nimekaa chini.

Kitabu chote ni nili. Nilichapwa, nilikula, niliona, nilicheka. Ukurasa wa 43 ameandika hivi nanukuu: "Siku hiyo mtu huyu aliitwa ofisini. Alikaa kwa kiti. Alipewa sigara. Aliulizwa. Alisema." Halafu jina. Halafu ukurasa wa 44 unaanza "nilirudi kulala". Nimesoma hii kitu labda mara kumi na sijawahi kuona.

Umejuaje??

MamaPazia

Sikujua mwanangu, nilibahatisha. Mtu akifika mahali panapouma hujisogeza pembeni, hata kwenye sarufi.

taa_ya_pembeni

Wakuu, nimekuwa msomaji tu hapa lakini hii imenitoa mafichoni. Mimi nafanya taa na sauti Nairobi, nimefanyia vikundi vingi vya mambo ya haki, na niseme ukweli mengi yanachosha kwa sababu kila mtu jukwaani yuko sawa isipokuwa mwenye suti.

Hiyo ALI ndiyo skripti yenu. Mwigizaji wa guka anaongea nili, nili, nili, tukifika 43 anainuka kwa kiti anaenda kusimama pembeni, mwingine anakaa pale, na yule wa kwanza anamtazama mwenzake akipewa sigara. Hakuna mtu anaeleza kitu. Ukurasa wa 44 anarudi kukaa, kiti kikiwa bado cha moto.

Hii si kitu nimetoa hewani. Kule Afrika Kusini kulikuwa na Duma Kumalo, mmoja wa wale Sita wa Sharpeville, walihukumiwa kunyongwa 1985 na mwaka 1988 ilibaki chini ya siku moja wanyongwe ndio ikasimamishwa. Baadaye, 2002, Yaël Farber alitengeneza naye mchezo wa maisha yake, Kumalo mwenyewe yuko jukwaani na kuna mwigizaji ambaye ni yeye akiwa kijana. Mtu mzima anaketi anamwangalia kijana wake akienda kufa. Hapo huhitaji kumwambia mtazamaji kitu kuhusu sheria ya kunyonga.

Na kuna kingine cha huko huko ambacho sijawahi kukisahau. 1997 chama cha wahanga cha Khulumani kilikuwa na mchezo wenye mashahidi wa kweli watatu na waigizaji watatu, wanazunguka nao watu wajue Tume ya Ukweli, ile ya kusikiliza maovu ya enzi za ubaguzi wa rangi, ni nini. William Kentridge, msanii wa huko, ameandika kwamba alipoutazama, mahali palipomgusa zaidi ni pale shahidi mmoja alisahau maneno. Akakwama. Ukumbi mzima unashangaa, mtu anasahauje hadithi yake mwenyewe? Lakini alikuwa hajasahau maisha yake, alikuwa amepotea kwenye skripti, kama mwigizaji yeyote. Sasa jiulize, hadithi ikishafanyiwa mazoezi mara arobaini bado ni yake ama ni ya kikundi? Mimi sina jibu, nawaambia tu jueni hiyo kitu iko.

Mtu wa kufungiwa peke yake ndio ngumu zaidi. Albie Sachs, mwanasheria aliyepinga ubaguzi wa rangi, alikaa siku 168 peke yake Cape Town, 1963, akaandika, David Edgar akaipeleka jukwaani Uingereza 1978. Sasa mtu yuko peke yake atabishana na nani? Na ukuta. Na Jumanne. Akitolewa alikimbia kutoka kituo cha polisi mpaka baharini akajirusha na nguo zake zote. Ukisikia hiyo unaelewa siku 168 kuliko ukipewa takwimu. Guka wako lazima ako na bahari yake kwa hizo kurasa 61, siku ya kutoka alifanya nini? Itafuteni.

Mwambie pia mwongozaji wako, kwa heshima, kwamba jukwaa lenyewe lilishatumika kambini. Gakaara wa Wanjaũ, yule ambaye shajara yake ya kizuizini ilichapwa 1983 na kupata tuzo ya Noma, akiwa Athi River aliandika mchezo uliochezwa mbele ya wafungwa wenzake, na ule mchezo ulikuwa unawasukuma waungame. Mtu yule yule! Kwa hivyo hii hesabu ya mashujaa huku na wasaliti kule, wazee wenyewe hawakuiishi hivyo. Walikuwa wanataka kurudi nyumbani.

Pwagu_wa_Kwanza

Sawa maprofesa. Lakini mtazamaji wa kiwanja cha shule hajasoma Kentridge. Ataenda nyumbani akisema "kumbe guka wa mwalimu alikuwa msaliti", basi, mchezo umeishia hapo, ardhi imesahaulika. Na hamjagusa hata kibali. Aprili 2025 hapo hapo Nakuru wasichana wa shule walifika mashindano ya kitaifa na mchezo wao, wakaimba wimbo wa taifa wakatoka jukwaani, na mabomu ya machozi juu. Mnafikiri nyinyi mtabembelezwa?

taa_ya_pembeni

Pwagu hapo kwa mtazamaji uko na pointi, sikatai. Ndio maana sigara ni muhimu. Watu wakiona ilichukua miezi mingapi, na ilichukua nini, na ni nani alikuwa ameshika kiberiti, hawatamwangalia guka peke yake.

dada_wa_Goma

Jambo wandugu. Miye niko Goma, nilifanya kazi Kigali miaka mingi.

Kuna mchezo mkubwa unaitwa Rwanda 94, wa kundi la Groupov la Ubelgiji, ulikuwa unachukua karibu saa sita, na 2004 uliletwa Rwanda kwenyewe, miaka kumi baada ya mauaji. Unaanza na mama mmoja, Yolande Mukagasana, muuguzi, aliyepoteza mume na watoto wake watatu, alikuwa ameshaandika kitabu cha yaliyompata. Anakaa kwa kiti. Anasema yeye si mwigizaji. Anaongea muda mrefu sana, hakuna anayeigiza nyuma yake, hakuna ngoma, hakuna picha. Ndio baadaye tu mchezo wenyewe unaingia, na kwaya ya wafu, na maswali ya nani alijua, nani alinyamaza, redio na televisheni zilisema nini, Wazungu walifanya nini. Siasa inakuja NYUMA ya kiti. Ingetangulia siasa, yule mama angekuwa mfano tu wa kuonyesha hoja ya mtu mwingine.

Lakini angalieni tofauti. Yolande alichagua kukaa pale. Kila usiku angeweza kusema leo hapana. Guka hana hiyo nafasi, na yule rafiki yake hana mara mbili, kwa sababu yeye hata hakuandika. Mnabishana hapa kama aibu ya guka ionekane ama isionekane, na mtu aliyetajwa hakuna aliyemuuliza. Walimfanya nini? Alirudi? Ako na watoto? Mwalimu, kabla ya skripti nenda hayo mageti mawili.

wakili_wa_usiku

Nitakuwa mfupi niko kazini. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya maandishi inadumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, kwa hivyo hilo daftari liko chini ya warithi mpaka mwisho wa 2059. Kuwa nalo mkononi hakukupi haki ya kulipeleka jukwaani, hata kama ni guka wako. Shosho wako (mke wa guka), wazazi, wajomba, shangazi, pata idhini kwa maandishi, karatasi moja tu, waseme wanakubali nini na jina gani libadilishwe. Nimeona vikundi vimevunjika kwa binamu aliyetokea siku ya onyesho la tatu. Na msitoe kopi ya daftari mkatuma kwa grupu la WhatsApp tafadhali.

chaki_na_vumbi

Wakuu nimerudi, poleni kwa kunyamaza wiki mbili.

Nilianza na shosho. Ako na miaka mingi lakini kichwa kiko sawa. Nilitaka kujua ya ukurasa wa 43 bila kuutaja, nikazunguka zunguka, akanikatiza akasema "unauliza ya ndama". Sikuwa nimesikia ya ndama maisha yangu yote.

Kumbe yule rafiki alikamatwa kweli, akarudi 1960 mguu mmoja ukiwa haukunji vizuri. Guka alikuwa amerudi mwaka mmoja kabla na alikuwa na ng'ombe mmoja tu mwenye ndama jike. Siku ya tatu baada ya mtu kurudi guka akapeleka huyo ndama, akamfunga kwa geti, akaondoka bila kubisha. Shosho anasema ndama alilala hapo nje usiku wa kwanza. Usiku wa pili pia. Analia kijiji kizima kinasikia, mamake analia upande huu, na watu wote wanajua na hakuna mtu anatoka. Asubuhi ya tatu kamba ilikuwa imefunguliwa na ndama yuko ndani. Hao wazee wawili hawakuwahi kuongea juu ya hiyo kitu mpaka wakazikwa, lakini walikuwa wanapeleka maziwa kwa ushirika pamoja. Shosho anasema ng'ombe wote wa boma lile wametoka kwa huyo.

Nikaenda mageti mawili. Nilienda na wakili_wa_usiku kichwani na karatasi mfukoni lakini sikuitoa siku hiyo. Mtoto wa yule mzee ni baba wa makamo, akaniskiza nikamsomea ukurasa, nilisoma na sauti ilikuwa inakatika. Alikuwa anajua. Alijua kabla yangu. Akaniuliza kama anaweza kushika daftari. Akakaa nalo akageuza geuza upande wa dirisha, halafu akanionyesha kitu.

Guka ameandika kwa kurasa ambazo zilikuwa tupu, hicho ni kitabu kilichobaki bila kujazwa. Isipokuwa 43. Kwa 43, chini ya wino, kuna penseli imefifia. Kuna namba ya mwanachama, na kuna jina la babake. Halafu safu za maziwa, asubuhi 4, jioni 3, asubuhi 4, jioni 3, asubuhi 5. Guka alikuwa karani, alikuwa na kurasa nyingi safi za kuandikia, na alitafuta hiyo.

Tulikaa kimya hapo mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema mcheze, jina la babake libaki vile lilivyo, hataki lifichwe kama la mwizi, lakini ndama lazima awe ndani, bila ndama hataki kusikia.

Mwongozaji bado ananuna ila amekubali tujaribu, kioo tumeshafanya na imeshika, kiti na sigara tunafanya Alhamisi. Ile bahari ya guka bado natafuta, nimefika ukurasa wa 57.

Sasa swali la pili na hili si la falsafa: ndama mnamchezaje? Tulijaribu mtu kulia mooo nje ya pazia na wale wa mitumba wakacheka mpaka wakaanguka. Tunahitaji usiku mbili za huyo ndama na watu wasicheke. Taa_ya_pembeni uko?

taa_ya_pembeni

Niko. Acha hiyo ya mdomo kabisa. Mko na kamba?